Bahati ya Chungu

Ofisini tulitangaziwa potluck ya Ijumaa: kila mtu alete chakula kutoka kwake. Mimi niliandikwa chapati, kama kawaida. Wanaume huleta soda na maneno mengi.

Tukiwa tunakula, mzee wa stoo, mtu wa kupenda kusoma, akatueleza kwamba neno hilo la Kiingereza ni mawili yaliyounganishwa, chungu na bahati. Zamani halikuhusu kuchanga vyakula. Mgeni aliingia bila taarifa, akala alichokikuta kimepikwa siku hiyo. Hiyo ndiyo ilikuwa bahati yake.

"Si hiyo ni kawaida tu kwetu?" mmoja akasema, watu wakacheka. Mimi niliendelea kutafuna. Sikuhisi kitu. Tangu tumzike Mama sihisi kitu, na nimeshazoea.

Mama alipika kule mtaani Ziwani, hapa hapa jijini, bila kutuhesabu. Sisi watu wa magharibi mwa nchi, mgeni hatumuulizi kama atakula. Tunamletea maji ya kunawa mikono, basi. Kila siku ugali wake ulibaki kipande.

"Hiki ni cha nani?" tulimuuliza.

"Cha anayekuja."

Mimi nahesabu. Jumamosi moja mchana Mama alipanda ngazi za nyumba yetu mtaani Tassia hadi ghorofa ya tano bila kunipigia simu. Nilikuwa nimepika samaki wawili, wangu na wa mume wangu aliyekuwa njiani. Niliposikia sauti yake mlangoni nilibeba sufuria mbiombio nikaisukuma chini ya kitanda. Ningeweza kumpa wangu. Mpaka leo sijui kwa nini sikumpa.

"Hata sijapika, Mama. Nikuchemshie chai?"

"Chai inatosha, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Hakuna mtu anayepita tu ghorofa ya tano. Alikunywa chai, akayasifu mapazia yangu, akashuka polepole akishikilia ukuta. Mwezi haukwisha, presha ikamchukua.

Baada ya mazishi tulikuwa tukikunja nguo zake, mimi na dada yangu aliyeishi naye. Dada akaniambia kwamba Jumamosi ile Mama alirudi nyumbani akakataa chakula cha jioni, akaenda kulala hivyo hivyo.

"Alisema hawezi hata tonge moja," dada akasema. "Ati ulikuwa umemshibisha samaki."