Ubao wa Khamala

Khamala ni fundi wa vitanda pale Kawangware 56, jijini Nairobi, na watu walimjua kwa mambo mawili: kitanda chake hakipigi kelele, na mdomo wake haupumziki. Alipiga randa huku akipiga soga, akamtania kila apitaye. Kwa hiyo aliponyamaza karibu mwezi mzima, mafundi wenzake wa jua kali walijua kuna jambo.

Mkewe Nasipwondi, msusi mwenye saluni hatua chache kutoka karakanani, alikuwa amekutwa na saratani ya titi. Na Khamala aliamini kwamba yeye ndiye aliyeileta.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa mwaka aligeuka ghafla akiwa na ubao mrefu begani, asijue mkewe yuko nyuma yake na kikombe cha chai. Ncha ya ubao ikamgonga kifuani, upande wa kushoto. Nasipwondi alipiga yowe, kisha akacheka. "Baba Valary, si ungesema tu kwamba chai hutaki!" Siku chache baadaye, akijikanda kwa kitambaa cha maji moto, vidole vyake vikakuta kitu kigumu kama kokwa ya zambarau. Uvimbe wa pigo ulitulia. Kile kigumu kikabaki. Akaenda hospitali, wakatoa kipande cha nyama kukipima, na majibu yakarudi.

Majibu yalipojulikana, kila mtu alikuja na yake. Dada yake Nasipwondi, Nalianya, alitoka Kibera upande wa Ayany akiwa amekasirika kabisa. "Ni hiyo simu unaweka kwa sidiria! Nilikuambia!" Jirani mmoja alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu kule nyumbani Bungoma. Khamala alisikiliza yote akiinamisha kichwa. Yeye alikuwa na jibu lake, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Ugali ulimshinda. Akianza kupiga misumari, mara anaacha nyundo na kutazama ukuta.

Siku ya kupangiwa matibabu walikwenda wote wawili. Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu aitwaye Kathini. Aliwaeleza kuhusu upasuaji na dawa, kisha akauliza kama wana swali. Khamala alitikisa kichwa. Nasipwondi akamtazama.

"Daktari, huyu ana swali ila hawezi kulitoa. Anadhani ni yeye. Alinigonga na ubao."

Khamala alihisi masikio yakiwaka moto. Hakujua kwamba mkewe alikuwa amemsoma siku zote hizo.

Daktari Kathini aliweka kalamu chini. "Mzee, nisikilize. Mwili wako umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli zinachakaa, kwa hiyo nyingine hugawanyika, moja inakuwa mbili, ili kuziba pengo. Kila seli ina maagizo ndani yake, tunayaita jeni. Kabla ya kugawanyika, inayanakili yote. Katika kunakili, makosa hutokea. Kwako, kwangu, kwa kila mtu, kila siku."

"Kila siku?" Khamala aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Kila siku. Mengi mwili unayasahihisha. Seli ikiharibika sana, kwa kawaida inajiua yenyewe. Lakini miaka ikipita, kosa moja linaweza kuponyoka na kuangukia pale penye agizo la kugawanyika, na lingine pale penye agizo la kusimama. Makosa yakirundikana hivyo ndani ya seli moja, inazaana bila kusikia la mtu. Hiyo ndiyo saratani. Ubao unaumiza nyama na kuvilisha damu. Haugusi maagizo hayo. Na simu pia, kabla hujauliza, hakuna aliyethibitisha kwamba inaleta saratani ya titi."

"Lakini uvimbe huo ulitokea baada ya mimi kumgonga."

"Ulionekana baada ya kumgonga. Uvimbe wa ukubwa huu kwa kawaida huchukua miaka. Ulikuwepo. Pigo lako lilimfanya ajishike pale, akaupata bado mdogo."

Khamala alifunika uso kwa viganja vyake vyenye gundi, akalia. Nasipwondi alimpigapiga mgongoni kama anayembembeleza mtoto, kisha akauliza la kwake: je, binti yao Valary amerithi? Daktari aliuliza kuhusu mama, shangazi na nyanya wa pande zote. Hakuna aliyewahi kuugua. "Wachache huzaliwa na kosa hilo kutoka kwa mzazi," alisema. "Wengi, kama wewe, yamkini makosa yametokea maishani. Valary ajichunguze tu, na umri ukifika apimwe."

Upasuaji ulikwenda vizuri. Dawa zilikuwa kali. Muuguzi aliwaambia kwamba zinawinda seli zinazogawanyika upesi, na za nywele ni miongoni mwao. "Kumbe nywele zangu zimeponzwa na bidii!" alisema Nasipwondi, akajifunga leso na kuendelea kusuka za wengine. Khamala alipika, akafua, na soga ikamrudia hata wateja wakaomba awapumzishe.

Vipimo vya mwisho vilikuwa safi. Daktari aliwaambia watarudi kuangaliwa mara kwa mara, nao wakakubali.

Jumapili iliyofuata Nalianya aliwaalika kwake. Yeye mwenyewe alikuwa ameshakwenda kupimwa, tena akawaburuta wanawake wawili wanaopanga naye kwenye ploti moja. Alichinja jogoo, akasonga ugali wa wimbi, na mboga ya mrenda ikavutika kama inavyotakiwa. "Shemeji, ongeza," alisema kila mara, na shemeji akaongeza. Baada ya chakula Khamala alianza kuwasimulia kisa kirefu cha mteja wa Riruta Satellite, lakini katikati ya kisa usingizi ukambeba palepale kwenye kochi, mdomo wazi. Wanawake walicheka hadi machozi. Nasipwondi akamvua viatu, akarudi kumalizia firigisi iliyobaki sahanini.