Njia ya Kibondo Juu ya Boksi la Sabuni

Siku mgeni aliposhuka kwenye bodaboda hapa Heru Juu, wanangu wawili walikuwa wamelala kifudifudi sakafuni wakichora barabara juu ya boksi la sabuni. Nasema wanangu, ingawa mmoja nimemzaa na mwingine ni wa marehemu dada yangu, ananiita mama mdogo. Huyo ndiye aliyefuatwa. Baba yake yuko Kibondo, ameoa tena, na alikuwa ametuma salamu kwamba nyumba sasa ina mama, mtoto arudi kwao. Dada wa huyo baba ndiye aliyekuja kumchukua.

Kwa mila zetu mtoto ni wa upande wa baba, hilo nalijua. Lakini najua pia nani alikesha naye alipoumwa malaria. Nilimkaribisha mgeni kwa mdomo tu, moyo umenuna.

"Amahoro, wifi," akasema.

"Amahoro. Karibu ukae."

Nikamwekea kikombe cha mtobe, maji matamu ya ndizi mbivu, nikaenda kukaa mbali na kukunja mikono. Hakukigusa. Inzi walikuja, akawafukuza kwa ncha ya kitenge, kikombe akakiacha palepale. Akasema ameagizwa asilale. Nikasema shule hazijafungwa. Akasema hata Kibondo shule zipo. Hapo nikageuka kuwatazama watoto, maana neno ambalo lingefuata lingekuwa tusi, na ulimi wangu naujua mwenyewe.

Watoto waliendelea na kazi yao. Njia yao ilianzia mlangoni kwetu, ikapita soko la Kasulu, ikakata pori hadi Kibondo, na kila kituo kilikuwa na jambo lake. Ukikwama kwenye tope, unakosa zamu. Ukipata lifti ya lori la muhogo, unaruka mbele. Binti yangu alikuwa mchoraji, mwenzake mtunga sheria. Dadu walilichonga kwa muhogo mbichi, vidoa wakavitia kwa msumari wa moto. La siku ya kwanza lilikauka likasinyaa upande mmoja, kila ukilirusha linatoa tano, wakapigana. Tangu hapo kila mchezo ulitaka dadu jipya.

"Shangazi, njoo ucheze," mtoto akaita. "Na wewe, mama mdogo."

Tulikaa mkekani kwa adabu, kama watu walioitwa kwenye shauri. Shangazi alipewa kizibo cha soda. Mtoto mwenyewe alitumia haragwe lenye madoa mekundu. Tukarusha, tukasogea, hakuna aliyecheka. Kizibo cha shangazi kikatua kwenye kituo kilichochorwa kibuyu.

"Mwenyeji hakuonja," mtoto akatangaza. "Mgeni anarudi alikotoka."

Uso uliniwaka moto. Kwetu Waha, na kwao shangazi, ambao asili yao ni Burundi, mwenyeji huonja kinywaji kwanza ndipo ampe mgeni. Asipoonja, ni kama amesema humo kuna sumu. Na mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nimemtupia mtu kikombe na kukaa, tena wakati koo zetu mbili zinagombania mtoto.

"Nani alikufundisha hiyo?" shangazi akamuuliza.

"Bibi wa Kibondo."

Nikainuka, nikakichukua kile kikombe, nikanywa funda kubwa mbele ya macho yao, kisha nikampa kwa mikono miwili. Alinitazama kwanza. Halafu akanywa.

"Nilidhani hunitaki hapa," akasema.

"Sikutaki," nikamjibu, "lakini kukudhuru siwezi."

Akacheka kidogo, puani. Alirudisha kizibo chake hadi mwanzo, akarusha upya, na bahati ikawa yake: lori la muhogo, kisha lori tena. Akatupita wote akaingia Kibondo.

"Nimeshinda."

"Bado, shangazi." Mtoto hakuinua macho. "Kufika Kibondo ni nusu. Anayeshinda ni yule anayerudi Heru Juu."

"Nani amesema?"

"Ndiyo sheria." Akaweka kidole kwenye mlango wetu juu ya boksi. "Nilishaiandika."

Shangazi alilishika dadu akalizungushazungusha kiganjani mpaka nikadhani litapasuka. Kama angelitupa na kusimama, nisingekuwa na la kufanya, begi la mtoto lilikuwa dogo na bodaboda ilikuwa inasubiri barabarani.

"Basi aje shule zikifungwa," akasema. "Amsalimie baba yake, amsalimie na bibi. Nitamrudisha mwenyewe."

"Baba yake atakubali?"

"Nitamwambia."

Kumwambia mtu si sawa na mtu kukubali, lakini nililipokea neno hilo kama lilivyo. Shule zilipofungwa shangazi alikuja kumchukua. Kabla ya kuondoka, mtoto alilichukua haragwe lake akalisogeza kituo kwa kituo mpaka Kibondo, akaliacha hapo, akatukataza kuligusa. Binti yangu amelisukuma boksi chini ya kitanda, na nikifagia ananisimamia.

Jana shule zilifunguliwa. Leo asubuhi nimemkuta binti yangu amekaa jikoni anachonga dadu jipya, nami sikumuuliza la nani. Haragwe bado liko Kibondo.