Punje za Mahindi za Nyokabi

Wanga ukiungua chini ya pasi hutoa harufu inayokaribiana na ya uji uliosahauliwa mekoni. Juzi mjukuu wangu alikuwa akinyoosha vitambaa vya viti, simu ikalia, akaisahau pasi kidogo, na harufu hiyo ikanifuata hadi nilipoketi. Nikainuka nikatoka nje. Alidhani moshi umenikera, akaja mbio kuniomba radhi. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimemkumbuka Nyokabi. Kila nikimkumbuka Nyokabi huanza na wivu, kisha ndiyo aibu inafuata, na mpaka leo mpangilio huo haujabadilika.

Sitawaambia kwamba nilikuwa mtoto mwema. Nilikuwa na kijicho cha kutisha, na wala sitaki mtu aseme eti ulikuwa utoto tu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua nilichokuwa nafanya.

Tulikaa Ruiru, kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, miaka ya hamsini. Baba alikuwa karani wa mizani. Jioni akina mama walipanga foleni mbele yake na madebe ya kahawa mbivu, naye akapima na kuandika huku amekunja uso ili asiombwe upendeleo. Mama naye alijulikana kwa kufuma vitambaa. Kwetu, nyumba isiyo na vitambaa juu ya viti ilionekana kama mtu aliyetoka bila shati. Viti vyetu vilikuwa vya mbao tupu, vinaumiza mgongo, lakini vyote vilivaa vitambaa vyeupe vilivyotiwa wanga vikawa vigumu kama ubao. Wageni waliogopa kuegemea. Walikunywa chai wameketi wima kama wako mbele ya chifu.

Mama alinifundisha kufuma nikiwa na miaka minane, kwa sindano ambayo Baba aliichonga kutoka kwa spoki ya baiskeli, akaipinda ncha na kuisugua kwenye jiwe mpaka ikaacha kukwaruza uzi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Shida yangu ilikuwa kumaliza. Nikienda kanisani nikaona mtindo mpya mezani, nikirudi nyumbani naanza huo. Chini ya kitanda nilikuwa na kapu lenye vitambaa saba, vyote vimeanzwa, nyuzi zake zimesokotana hata sikujua upi ni wa kipi. Nikishindwa kufungua, nilikata kwa meno. Mama alisema kapu langu ni kama zahanati, wote wamelazwa na hakuna anayepona. Alisema akicheka, na mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa msichana peke yangu katika nyumba ile na hapakuwa na wa kunilinganisha naye.

Kisha akaja Nyokabi.

Alikuwa binti wa dada mkubwa wa Mama, amenizidi mwaka mmoja. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa kwao walihamishwa kwa nguvu kupelekwa kijiji kipya, nyumba yao ikachomwa, na mama yake akachukuliwa kizuizini. Hakuna aliyejua angerudi lini. Nyokabi alifika kwetu amebeba mfuko wa unga, ndani yake mna rinda moja na kikombe cha bati. Nilimhurumia kwa muda wa siku mbili hivi. Siku ya tatu Mama alimpa uzi.

Wacha niwaeleze alivyofanya kazi, na mkitaka kufuma bila wazimu fanyeni kama yeye, ingawa inaniuma kusema. Kwanza aliomba birika la chai lililokuwa limetoboka, ambalo Mama alikuwa amelitupa. Alilisugua kwa majivu, akalikausha, akatia bonge la uzi ndani, akapitisha ncha kwenye mdomo wa birika na kufunika kifuniko. Akawa anavuta uzi unatoka polepole, safi, wala haubiringiki kwenye sakafu ya udongo wala haufukuzwi na kuku. Mama aliliangalia lile birika kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika nyumba yake mwenyewe. Miaka yote aliyofuma, hakuwahi kuliwaza.

Pili, hakuanza kitambaa cha pili kabla cha kwanza hakijaisha. Nilimwuliza sababu, kwa dharau, nikitumaini atasema hajui. Akanijibu, "Kitu nisichoweza kubeba nikiambiwa toka, sikianzi." Nikaona anajidai.

Tatu, kuhesabu. Mimi nilihesabu kichwani, nikiitwa nichote maji napoteza hesabu. Yeye aliweka mikebe miwili. Wa kushoto ulikuwa na punje za mahindi kulingana na safu za kitambaa, na kila akimaliza safu moja alihamisha punje moja kwenda mkebe wa kulia. Ungeweza kumwita hata mara kumi. Akirudi, mkebe unamwambia alipofika. Tena Mama alipotaka mtindo wa nanasi, ule ambao hata yeye ulimtoa jasho, Nyokabi aliugawanya. Alifuma nanasi mojamoja, dogo kama kiganja, akaficha ncha za uzi palepale badala ya kuziacha zining'inie hadi mwisho, kisha akayaunga. Mama akasema, "Njeri, angalia. Kazi ikikatwakatwa haitishi."

Njeri angalia. Nilianza kulichukia jina langu. Njeri, angalia mkono wa Nyokabi. Njeri, angalia Nyokabi anavyonawa kabla ya kushika uzi. Siku moja Mama alifungua sanduku lake akatoa sindano ya chuma aliyopewa na mwalimu wake wa misheni alipokuwa msichana. Nilikuwa nimeiomba miaka miwili, naambiwa nitaipata nikimaliza hata kitambaa kimoja. Alimpa Nyokabi. Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba nikang'oa miche ya sukuma wiki ambayo haikunikosea chochote.

Mdogo wa mwisho wa Mama, Tata Wangari, maana kwetu dada wa mama huitwa tata, alikuwa anaolewa Thika na mwalimu. Mama aliahidi kumpelekea vitambaa vya viti sita. Jumapili moja alasiri, nikiwa nje nachambua maharagwe karibu na dirisha, nilimsikia akimwambia Baba kwamba Wangari ameomba msichana mmoja wa kukaa naye, na mumewe atamsomesha hadi mwisho wa uwezo wake. Shule ya kambi yetu ilikuwa na madarasa mawili tu. Baba akauliza ni nani ataenda. Mama akasema, "Watafuma vitatu vitatu. Atakayemaliza vizuri ndiye nitamwacha kule. Wangari anataka mtoto anayeweza kazi." Kisha akaongeza, "Nadhani unajua ni nani."

Baba alijua. Na mimi pia nilijua. Maharagwe yaliniponyoka yakaingia mchangani, nikaanza kuyaokota mojamoja nikilia kwa hasira. Mama yangu mwenyewe alikuwa ameamua kumpa mtoto wa mtu mwingine maisha yangu.

Tulipewa mabonge matatu ya uzi kila mmoja, na maagizo kwamba kila kitambaa kiwe na safu arobaini, wala si thelathini na tisa. Vitambaa vya viti lazima vilingane. Kimoja kikizidi, kila mgeni atakiona kabla hajasalimu, na bibi arusi ataitwa mzembe nyumbani kwake siku ya kwanza. Nyokabi alimaliza cha kwanza, akakikunja ndani ya gazeti, akakitia mfukoni mwake kisishike vumbi. Hakuwa na haja ya kukipima na cha pili. Alikuwa na punje zake.

Alipokuwa akifuma cha pili, kila alasiri alikwenda mtoni kuteka maji, na mimi nilichukua punje moja kutoka mkebe wa kulia nikairudisha kushoto. Moja tu kwa siku. Nilifanya hivyo siku tano. Nilisikia raha, kwa nini niwafiche? Nilifuma jioni hizo kwa bidii ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Wivu ulinikalisha chini kuliko fimbo yoyote ya Mama. Kwa mara ya kwanza nilimaliza kitambaa, nikamaliza cha pili, nikamaliza cha tatu. Mkono ulikuwa umelegea hapa na pale, lakini nilihesabu safu zake kwa kidole hadi ndotoni. Vililingana.

Siku ya Alhamisi, kesho yake ikiwa safari, uzi wa Nyokabi uliisha. Kitambaa cha tatu kilibakiza upana wa kiganja. Alivuta uzi, birika likatoa ncha tupu. Mama alikuwa pale akitayarisha wanga. Nyokabi akamwaga punje kwenye kanga akazihesabu, arobaini. Akafungua gazeti, akatandika cha kwanza juu ya cha pili. Cha pili kilikuwa kirefu kwa vidole vitatu. Akapita safu kwa ukucha, midomo ikitembea, na ilipofika arobaini ukucha haukusimama. Na kitambaa kile kilikuwa tayari kimezungushiwa ukingo wa nanasi kote. Kuzipunguza safu tano ungefumua kazi ya siku nne.

Aliiangalia mikebe. Kisha akainua macho akaniangalia mimi. Hakunikazia macho hata kidogo, ndiyo maana sijaweza kuyasahau. Nilishika sindano yangu nikajifanya natafuta kitanzi kilichotoroka.

"Umefanyaje, Nyokabi?" Mama aliuliza.

"Nimehesabu vibaya, Tata."

"Wewe?"

"Ndiyo, Tata. Nisamehe."

Mama alivikusanya vitambaa vyangu akavipima kimoja juu ya kingine. Hakunisifu. Alisema tu, "Haya, Njeri, kaoshe miguu. Kesho tunaamka mapema."

Basi nikaenda Thika. Nakumbuka lori zilizojaa katani, na Tata Wangari akilia kwa furaha na kushindwa kula. Viti vinne vilivaa, viwili vikabaki uchi, Mama akavisukuma nyuma ya mlango. Wiki moja baadaye dereva wa shamba alileta kifurushi: vitambaa viwili, safu arobaini arobaini, vimenyooka. Nyokabi alikuwa amevifumua na kuvifuma upya, na Mama alikuwa amemtafutia uzi. Tata alivitandika akasema, "Aliyefuma hivi si mtoto." Hata huko Thika, mbali na macho yake, nilimwonea wivu.

Nilisoma. Nikawa mwalimu, nikafundisha hadi nikastaafu. Nyokabi alibaki Ruiru akichuma kahawa, akipanga foleni mbele ya mizani ya Baba kama wanawake wengine. Mama yake alirudi baada ya miaka mitatu, mgonjwa, na Nyokabi ndiye aliyemuuguza. Baadaye aliolewa Gatuanyaga. Tulikutana kwenye arusi na mazishi, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Kitambaa hatukukitaja hata siku moja.

Mwaka niliostaafu nilimwendea. Nilimkuta uani akiwapa mbuzi majani ya viazi. Alinipa kiti, akaniletea chai, nami nikamwambia yote kabla sijainywa, maana niliogopa nikiinywa nitanyamaza. Nilimweleza punje tano za siku tano. Alisikiliza huku akiondoa majani kwenye sweta yake.

"Nilijua, Njeri," akasema. "Mahindi hayarudi nyuma yenyewe."

"Mbona hukusema?"

Alinitazama kana kwamba nimemwuliza njia ya kwenda kwetu. "Ningesema, ingebidi mama yako achague nani mwongo kati yetu. Kama angekuchagua wewe, ningelala wapi? Na kama angenichagua mimi, ningelala vipi?"

Miaka arobaini na zaidi nilikuwa nimejiambia kwamba alinyamaza kwa upole, kwamba Nyokabi alizaliwa na moyo wa hivyo. Nilikuwa hata nimeuonea wivu upole huo. Hapo uani ndipo nilipoelewa kwamba mtoto wa miaka kumi na moja alipiga hesabu yake yote palepale, Mama akiwa amesimama na sufuria ya wanga, akaona kuwa uongo ndio pekee anaoweza kuumudu. Sisi wa nyumbani tunaweza kusema kweli, kugomba, kuanza vitambaa saba na kuvitupa chini ya kitanda. Yeye aliishi kwetu kama mtu aliyeazimwa.

Nilianza kuomba msamaha. Nyokabi akavuta kigoda akaketi karibu nami, magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Hayo yaliisha," akasema. "Lakini kuna kitu nimetaka kukuuliza tangu ulipoondoka, nikaona haya."

"Niulize."

"Kule shuleni," akasema, "mlikuwa mnafanya nini? Anza asubuhi, mkifika. Usiruke kitu."