Sinema ya Kabul Tuliyoitazama Deira

Katika hoteli ndogo ya mtaa wa Muraqqabat, Deira, nilikofanya kazi miaka ile, mwenzangu wa kukunja mashuka alikuwa mama wa Kiafghani. Kiarabu chetu kilikuwa cha kuokoteza, tukajazia Kiingereza, na tulielewana vizuri sana.

Siku moja nikamsomea gazeti lililoachwa na mgeni. Lilikuwa na habari ya sinema mpya kuhusu maisha ya kwao. Mwandishi alisema walioitengeneza wana nia njema, ila Waafghani waliomo hawafanyi lolote zaidi ya kulia na kuonewa; hata mzaha hawana.

"Twende tukaone wenyewe," akasema.

Tukaenda Ijumaa, yeye na shungi lake la sikukuu. Watu walikuwa wakifuta machozi, yeye akacheka. Bibi harusi wa kwenye sinema alikuwa akiwamiminia wageni chai huku ameinamisha kichwa kama aliyefiwa.

"Harusi yangu mimi nilicheza mpaka kiatu kikakatika!" akaninong'oneza, kwa sauti iliyosikika safu tatu.

Kaka mmoja wa mbele akageuka. "Mama, tafadhali. Hawa watu wameteseka."

"Najua, mwanangu. Ndiko kwetu."

Yule kaka akaona haya, akatunyooshea bisi zake. Tukala pamoja.

Kisha ikaja theluji. Mwanamke mmoja alipanda juu ya paa na koleo la mbao, akaanza kuisukuma idondoke uani. Hakusema neno, na hakuwa mtu muhimu katika hadithi. Mwenzangu akanishika mkono, akaubana.

"Mama yangu alikuwa akifanya hivyo," akasema. "Anatupigia kelele tutoke pale chini, nasi hatutoki, tunataka ituangukie."

Akalia kimyakimya mpaka taa zikawashwa.

Nje tukanunua chai ya maziwa kwenye mkahawa wa Wahindi wa Malabari. Nikamuuliza, gazeti lilisema kweli?

"Kweli tupu. Sinema mbaya." Akapuliza chai yake. "Ijumaa ijayo twende tena, inshallah?"

Tulirudi, inshallah yake ikatimia, safari hii na dada yake kutoka Sharjah. Theluji ilipofika, wote wawili wakaanza kubishana kwa Kidari, lugha ya kwao, wakisukumana mabega, wakicheka na kulia. Sikuelewa hata neno moja. Baadaye wakanitafsiria: walikuwa wakigombania nani kati yao alimwagikiwa zaidi na theluji ya mama yao.