Pete ya Kijivu Kwenye Fimbo ya Mkwe

Bado ninaiona siku ile, mwanangu, tangu asubuhi yake. Nimekaa ukingoni mwa kiti nyumbani kwa Papa Mwamba, hapa hapa Kampemba, Lubumbashi, mikono katikati ya magoti, kola ya shati imenibana shingo, nangoja jibu. Nilikuwa nimekuja kumwomba binti yake, Bernadette. Papa Mwamba mwenyewe hakutokea. Alikuwa uani, namsikia akikohoa, na kati yetu kulikuwa na ukuta mmoja tu. Unaijua desturi yetu: mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani mpaka ndoa ikamilike na kuku aliwe. Kila neno hupita kwa mtu wa tatu, na mtu wetu wa tatu alikuwa Tantine Odile, dada yake Papa Mwamba, ambaye aliuza unga sokoni na siku zote alikuwa na haraka.

Nakusimulia haya kwa sababu najua na wewe unangoja. Umetuma watu wako kwangu kwa ajili ya Sifa, kitinda mimba wangu, na tangu hapo hujasikia neno kutoka kwangu. Sifa ananitazama kwa jicho baya tukiwa mezani, na mama yake ananipakulia bukari, ugali wetu, kidogo kuliko zamani. Vumilia nifike mwisho.

Wakati huo nilikuwa fundi mitambo kijana, najiona mjuzi wa kila chuma. Nilikuwa nimepata kazi ya kutengeneza injini za boti huko Muanda, mwisho mwingine kabisa wa nchi, pale inapogusa bahari. Nia yangu ilikuwa niende, nitafute nyumba, nirudi kumchukua Bernadette. Lakini nisingeweza kuondoka hivihivi bila neno la baba yake, maana binti mzuri wa Kampemba hangoji mtu ambaye hajakubaliwa.

Papa Mwamba alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha shaba upande wa Likasi, kwenye matangi ya asidi. Suruali zake zote za zamani zilikuwa na matundu. Bernadette alinieleza kwamba kule ngazi za chuma zilikuwa zinaliwa mpaka zinabaki nyembamba, zinabadilishwa, zinaliwa tena. Hata inoksi, chuma kisichoota kutu ambacho sisi mafundi tunakiamini, asidi ile iliichokonoa. Baba yake alikuwa na mapenzi mawili tu nje ya familia: kuvua samaki ziwani siku ya Jumapili, na kukusanya vipande vya vyuma vilivyotupwa ambavyo asidi ilishindwa kuvila.

Basi nikangoja. Mwishowe Tantine Odile akaingia na fimbo ya kuvulia mkononi, kanga ya kwenda sokoni tayari begani.

"Kamata. Papa anasema utavua nayo kule ku bahari. Usiioshe na maji ya tamu, usiipakae mafuta. Mwaka ikiisha, unairudisha."

"Na Bernadette, Tantine?"

"Maneno njo ile tu. Miye niko nachelewa."

Akaenda zake. Mjomba wangu aliyenisindikiza alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyejua kama tumekubaliwa au tumefukuzwa. Sikuthubutu kumfuata Tantine sokoni kumuuliza zaidi, maana niliona aibu, na aibu ya kijana ni kitu cha gharama sana.

Ngoja nikueleze fimbo yenyewe. Kando yake zilipangwa pete ndogo ambamo uzi wa mshipi hupita mpaka nchani. Pete hizo zote zilikuwa za inoksi, zinang'aa, isipokuwa moja iliyo karibu na mkono. Hiyo ilikuwa ya kijivu, imefifia, kama mtu aliishiwa na pete nzuri akaziba pengo kwa chochote. Miguu ya kila pete ilifungiliwa kwenye fimbo kwa uzi mwekundu uliopakwa vanishi. Nilipoitazama ile ya kijivu nilisema moyoni kwamba mzee amenidharau mpaka kwenye zawadi.

Muanda nilivua kila nilipopumzika kazi. Wenzangu walicheka kuona fundi injini haipaki mafuta fimbo yake mwenyewe. Na kweli iliniuma. Chumvi ya bahari, mwanangu, si kitu ulichowahi kukiona kwenye maziwa yetu. Maji yakikauka yanaacha unga mweupe kila mahali, kesho unaloa, keshokutwa unakauka tena. Zile pete zinazong'aa zilianza kuonyesha rangi ya chai, na haikuanzia juu ambako kila mtu anaona. Ilianzia chini ya uzi mwekundu, pale maji yanapoingia yakashindwa kutoka. Kisha ikatoka vitundu vidogo, kisha ukali ambao kidole kinausikia.

Siku moja nikanasa samaki mkubwa, mkubwa kweli, wenzangu wote wameacha kazi zao wanapiga kelele. Uzi ulipita kwenye pete iliyoota kutu, ukakatika. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliinua fimbo ile niitupe baharini, na mdomoni nina maneno ambayo sitayarudia mbele ya mkwe mtarajiwa. Nilisema yule mzee amenipa fimbo ya kunishinda, ili nirudi mikono mitupu aseme, mumeona, kijana hana bahati hata ya samaki. Kilichonizuia ni kimoja tu: nilimwona akilini Bernadette mlangoni pao, ananiuliza fimbo ya baba iko wapi. Nikaishusha.

Jioni ile, kwa hasira tu, nikapangusa pete moja baada ya nyingine kwa dole gumba. Zote zilikwaruza. Nilipofika kwenye ile ya kijivu, chumvi ilitoka kama vumbi juu ya meza na chini yake palikuwa laini, vilevile kama siku niliyoipokea. Nilishangaa kidogo, kisha nikaendelea na hasira zangu. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba amedharauliwa hana nafasi ya kushangaa sana.

Mwaka ulipoisha nikarudi Kampemba na fimbo mbovu na hotuba niliyoiandaa njia nzima. Nilikaa kwenye kiti kilekile, mjomba kando yangu. Tantine Odile akaichukua fimbo akaipeleka uani. Kisha nikasikia kisu kinakata uzi, taratibu, mara moja, mara nyingine. Mzee alikuwa anafungua pete zote, anaangalia chini ya uzi. Mjomba akaninong'oneza, "Banahesabu makosa yako." Nikaona ndoa yangu inafunguliwa pamoja na zile pete.

Mara Papa Mwamba akasema. Alisema na dada yake, kama desturi inavyotaka, lakini kwa sauti ambayo ukuta ule usingeweza kuizuia hata kama ungetaka.

"Odile, ambia bukwe. Mu matangi ya asidi nilionaka bichuma ya kila namna inakufa. Hii titani tu njo ilibakia. Lakini asidi ni asidi, na bahari ni bahari, miye sikufikaka kule. Mutoto wangu anaenda kuishi pale. Singeweza kumuvalisha kintu ku mukono bila kujua kama chumvi itaikula."

Tantine akatoka na kitambaa kidogo. Ndani yake mlikuwa na pete mbili za ndoa, za kijivu, zimepigwa msasa mpaka kingo zake hazisikiki. Papa Mwamba alizikata kutoka kwenye bomba lililotupwa, bomba lilelile lililotoa ile pete ya fimbo. Alizisugua mwaka mzima kwa mkono, huku mimi nikimtukana kando ya bahari.

Nikamuuliza Tantine kwa nini hakuniambia tangu mwanzo.

"Alisema maneno mingi siku ile," akajibu, bila aibu hata kidogo. "Alisema amekubali, alisema atatengeneza pete, alisema mambo ya chumvi. Miye nilikuwa na bateja banangoja, nikakuletea ile ya mwisho. Lakini weye uliniuliza? Mwaka muzima uliteseka na ile jibu uliyojipa mwenyewe. Kinywa ulikuwa nayo."

Kutoka uani nikasikia Papa Mwamba anacheka. Bernadette akatoka chumbani amekasirika, maana naye aliumia mwaka mzima bure, akamwambia shangazi yake maneno ambayo hadi leo wanakumbushana. Mimi nililia mbele ya mjomba wangu, na sikujali.

Baadaye, tulipokwisha kula kuku na kinywa changu kikafunguliwa, mzee mwenyewe alinieleza siri ya chuma kile. Titani ikiguswa na hewa hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana. Ukiikwaruza, ngozi inarudi palepale, na chumvi haipati pa kuingilia. Inoksi nayo ina ngozi yake, lakini ukiifungia kwenye unyevu wa chumvi mahali pasipopata hewa, ngozi inatoboka na hairudi. Ndiyo maana alifungua uzi kwanza. Alinieleza polepole, anaishika ile pete ya fimbo kama mtu anayeshika kidole cha mtoto mchanga. Nilimshukuru siku ile, nikamshukuru tena alipokuwa kitandani hawezi kuamka, na sasa amelala kaburini bado namshukuru.

Padri alizibariki pete zile, watu wakacheka kwamba tumefunga ndoa kwa mabomba. Bernadette alifua, akapaa samaki, akalea watoto kando ya bahari ile kwa mkono wenye ile pete, mpaka tuliporudi Lubumbashi. Watoto wetu walipopata kazi walitaka kutununulia za dhahabu. Mama yao akawaambia anayetaka dhahabu aivae yeye.

Sasa nikupe nasaha, mwanangu, maana umri huu hatuachi kijana aende bila nasaha. Mkubwa wako akinyamaza, usijaze kimya chake kwa mawazo yako mwenyewe. Uliza. Uliza kwa heshima, kwa yule aliyetumwa, na akikujibu kwa haraka umuulize tena. Na unapotaka kumpa mtu unayempenda kitu cha kudumu, usikipime pale kinapong'aa mbele ya watu. Kipime pale kitakapoishi, uangalie na chini ya uzi. Atakayekukawiza kwa sababu ya kupima namna hiyo, mpende, maana anajihangaisha kwa ajili yako bila wewe kujua. Mimi nilihangaikiwa hivyo, na maisha yangu yote ya furaha yalitoka kwenye mikono ya mzee ambaye sikuruhusiwa hata kumtazama.

Umesema unakwenda kufanya kazi bandarini Dar es Salaam, huko shaba yetu inakopakiwa melini. Kwa hiyo Sifa naye ataishi kwenye chumvi kama mama yake. Papa Mwamba aliniachia kipande cha lile bomba. Tangu watu wako walipokuja, kila asubuhi nimekuwa nakata na kusugua, na mikono yangu siku hizi haina mwendo, ndiyo sababu ya kimya changu. Hizi hazina haja ya kupimwa mwaka mzima. Mkono wa mama mkwe wako umekwisha kuzipima.

Desturi ingetaka nimpe shangazi yake Sifa maneno haya akuletee. Babu zangu wanisamehe, nimeogopa atakuwa na haraka. Kwa hiyo nakuambia kwa kinywa changu mwenyewe: ndiyo. Nimekubali tangu siku ile ya kwanza.

Mungu awape nyumba ambayo kutu haiingii hata pale pasipoonekana. Awape watoto wanaouliza maswali, na uzee wa kucheka pamoja. Pete ya Sifa iko tayari, mama yake alimpima kidole kwa uzi akiwa amelala. Ya kwako bado. Njoo kesho, uingie mpaka uani, uniletee kidole chako nikipime.