Baga za Bi Zuhura

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Ruiru alipika mkate wa mchele. Sikuuona, niliunusa tu. Nilikuwa kwenye sinki naosha vyombo, dirisha likiwa wazi, mara ikaingia harufu ya tui la nazi linaloungulia kwenye kingo za sufuria, na iliki, na ule uchachu mdogo wa hamira. Nilifunga mfereji nikasimama pale na kikombe chenye povu mkononi, mpaka mume wangu akaniuliza kutoka sebuleni kama maji yamepotea tena.

Yeye sijawahi kumweleza jambo hili lote. Wacha niwaeleze ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tano, na tuliishi Makongeni, Thika. Ilikuwa miaka ya tisini, baba akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na Mama akishona kwa cherehani kwenye kibanda chake sokoni. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Njeri, aliyekuwa na miaka sita. Njeri alikuwa na tumbo kubwa na miguu kama njiti za kiberiti. Alikuwa akila anaharisha, akila tena anaharisha tena. Alipewa dawa za minyoo mara nyingi hata nadhani minyoo yenyewe, kama ilikuwepo, ilihama kwa aibu. Shosho, bibi yetu, alisema ni macho ya watu. Mwishowe daktari mmoja mzee wa Kihindi, aliyekuwa na kliniki ghorofani mjini, alimpapasa tumbo, akauliza polepole huyu mtoto anakula nini, kisha akaandika kwenye karatasi: asiguse ngano tena maisha yake yote. Na maziwa pia aache, mpaka tumbo lipone.

Mama aliisoma ile karatasi kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kwenye nyumba. Ngano ilikuwa chapati, mandazi na mkate wa asubuhi. Maziwa yalikuwa chai. Baba hakuamini. "Mkate mmoja hauwezi kuua mtu," alisema, akakunja karatasi akaiweka chini ya redio. Lakini Mama aliifuata neno kwa neno, na baada ya miezi mitatu mashavu ya Njeri yakaanza kujaa. Asubuhi alikula nduma au kiazi kitamu kwa chai ya rangi, na hakulalamika. Kuna kitu kimoja tu alichokitamani. Kwenye ukuta wa hoteli moja mjini palikuwa pamechorwa baga kubwa kama gurudumu, mkate wake ukiwa wa duara, umenyunyiziwa simsim, na jani la kijani limetokeza kama ulimi. Kila tulipopita hapo Njeri alisimama. "Hiyo ndiyo nitakula nikipona," alikuwa akisema. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba kwa daktari wake kupona hakukuwa na maana hiyo.

Bi Zuhura tulimpata kupitia mapazia. Alikuwa mjane wa mtaa wa Majengo, mnene, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Alizaliwa Thika hapo hapo, lakini mamake alitoka pwani, na mapishi ya pwani hakuyaacha. Kila asubuhi aliuza vitumbua na mkate wa mchele mbele ya nyumba yake. Alileta mapazia yashonwe, akamwona Njeri amekaa chini ya meza anamenya kiazi, akauliza. Mama akamweleza. Bi Zuhura akacheka kidogo.

"Mama Wangari, nani aliwaambia mkate ni lazima ngano? Mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mlete mtoto kwangu Jumamosi."

Ndivyo Jumamosi zetu zilivyohamia Majengo. Siku ya kwanza aliniambia nimletee mbuzi aliye nyuma ya mlango, nami nikaenda nikiogopa pembe, nikatafuta, nikarudi kusema lazima ametoroka. Bi Zuhura alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mbuzi, kumbe, ni kile kigoda cha kukunia nazi. Tangu siku hiyo aliniita mchungaji.

Mwezi wa kumi na moja ulipokaribia, mwalimu wa darasa la kwanza aliwaambia watoto kwamba siku ya kufunga shule kutakuwa na sherehe, na wazazi wamekubaliana kila mtoto ale baga. Njeri alifika nyumbani akasema maneno hayo mara moja tu. Mama alimpelekea Bi Zuhura habari kesho yake.

"Basi tutapika baga," Bi Zuhura akasema, kana kwamba ameambiwa tutapika uji.

Haikuwa rahisi. Mchele hatukuupeleka kwa mashine, kwa sababu mashine ile ilisaga ngano pia. Bi Zuhura aliuroweka, akautwanga mwenyewe kwenye kinu, mimi nikauchekecha. Mkate wa kwanza ulitoka mzuri wa kuangalia, lakini ulipokatwa katikati ukamwagika kama mchanga. Wa pili ulikuwa mgumu. Njeri aliubana kwa meno, akautoa, akasema kwa adabu kwamba amekula akashiba. Jumamosi ya tatu Bi Zuhura alichukua sehemu ya unga akaipika kwa tui mpaka ikawa uji mzito, akaiacha ipoe, akaichanganya na ule unga mbichi, yai, sukari kidogo na hamira. "Mchele hauna gundi," alinieleza. "Lazima uutengenezee." Fundi wa mtaani alikuwa amemkatia pete za bati. Akazipaka mafuta, akamimina, akanyunyiza simsim, akafunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko. Alipofunua, mikate minne ilikuwa imeinuka, ya duara, na rangi yake ilikuwa ya kahawia hafifu. Mama aliketi kwenye kinu akaanza kulia, naye Bi Zuhura akamwambia asimwage machozi kwenye hamira yake.

Mkate mmoja ulikatwa vipande vidogo, Njeri akala vitatu. Mimi nilipewa nilambe kijiko.

Hapa ndipo ninapotaka mnielewe, ingawa sisemi mniwie radhi. Kwa miaka miwili kila kitu kizuri kilikuwa cha Njeri. Mayai yalikuwa yake, na mchele, na mapaja ya Mama, na Jumamosi zote. Hata ugonjwa wake ulionekana kama zawadi aliyonyimwa mwingine. Sikumchukia. Nilikuwa nimechoka tu kulamba kijiko.

Siku ya sherehe Mama alinikabidhi kopo lenye kifuniko. Ndani mlikuwa na baga mbili za mkate wa Bi Zuhura, zina nyama ya kusaga iliyotiwa dania na kitunguu, moja ya Njeri na nyingine ya kumpa rafiki akitaka kuonja. "Usimpe mwingine kopo hili," Mama aliniambia. "Mpe yeye mwenyewe wakati wa kula." Nililibeba kopo asubuhi yote kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Wakati wa mapumziko nilikwenda nyuma ya ua wa kayaba nikalifungua, ninuse tu.

Nilianza na ile ya rafiki, nikijiambia Njeri hatahitaji mbili. Sijawahi kula kitu kitamu vile, hadi leo. Ilipoisha nikaanza kudonoa simsim za ile nyingine, moja moja, kama kuku. Kisha ukingo kidogo. Kisha nikaona alama ya meno yangu, na mkate ukishang'atwa haurudi. Nikaumaliza nikiwa nalia.

Sisi wa madarasa ya juu ndio tuliowagawia wadogo chakula. Nilichukua baga moja kwenye sinia la wengine, ya mkate wa ngano wa dukani, nikaitia ndani ya kopo la Njeri na kufunika. Nilijiambia maneno ya baba, kwamba mkate mmoja hauwezi kuua mtu. Nikampelekea.

Alikula polepole, akiishika kwa mikono miwili kama wenzake. Akaniangalia juu, midomo imejaa makombo.

"Wangari, leo ni laini kweli. Umwambie Bi Zuhura."

Kufikia jioni alikuwa ameanza kutapika. Siku ya tatu alikuwa anaharisha maji matupu, macho yameingia ndani, na baba, yule aliyekuwa akicheka karatasi ya daktari, alimbeba mgongoni hadi hospitalini bila kuvaa soksi. Alilazwa. Daktari wa wodi aliisoma ile karatasi ya mzee wa Kihindi, akauliza kama mtoto amekula ngano. Mama akanigeukia.

"Alikula ile ya Bi Zuhura tu," nikasema.

"Basi hiyo ilikuwa na ngano," daktari akajibu, akaendelea na kitanda kingine.

Kesho yake Mama alinishika mkono tukaenda Majengo. Bi Zuhura alikuwa uani, amekalia mbuzi anakuna nazi. Alipotuona alianza kutabasamu.

"Bi Zuhura, uliweka nini kwa hiyo unga?" Mama aliuliza akiwa bado amesimama.

"Unga wa mchele, Mama Wangari. Si ulikuwa hapa?"

"Njeri yuko hospitali. Daktari amesema ni ngano. Na mtoto mwenyewe amesema siku hiyo ilikuwa laini kushinda siku zote. Ulichanganya ndio ikuwe laini?"

Bi Zuhura aliinuka. Alikwenda akaleta kinu, akaleta bati la mchele, akaleta chekeche, akaviweka miguuni pa Mama kimoja baada ya kingine. Mama hakuviangalia. Alisema maneno mengine ambayo sitayarudia yote. Alisema kwamba watu wachafu hawafai kupikia watoto wa wenyewe.

Ndipo Bi Zuhura akanigeukia mimi. Hakuniangalia kwa kunishuku. Aliniangalia kama mtu anayeomba akumbushwe.

"Mchungaji, wewe ndiye ulichekecha. Kuna ngano niliweka?"

Kuku walikuwa wanachakura karibu na jiko. Niliwaangalia.

"Sijui," nikasema.

Bi Zuhura akaokota chekeche, akaligeuza huku na huku. "Labda ni hili," alisema taratibu. "Siku moja nilimwazima jirani. Hupika mandazi. Labda sikuliosha vizuri." Akamwambia Mama amsamehe. Mama akanivuta tukaondoka.

Njeri alipona, ingawa ilichukua majuma mengi. Mama hakuamini tena mkate wa mtu yeyote, wala wake mwenyewe, na mdogo wangu alikua akila nduma hadi akamaliza shule ya upili. Mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu, baba akapata kazi Ruiru, tukahama. Kila mara Mama alipokutana na mtu wa Thika, nilisubiri jina la Bi Zuhura litajwe, na kila lilipokosa kutajwa nilipumua. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Nilitembea juu yake miaka ishirini na miwili, nikaolewa, nikazaa, na haikunifikisha popote.

Nilimwambia Mama siku moja tukichambua mboga, baada ya mwanangu kudanganya kuhusu kitu kidogo na mimi kumchapa zaidi ya kosa lake. Mikono yangu ndiyo iliyonishtaki. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakunipigia kelele. Aliweka kisu chini, akauliza, "Na mimi nilimwambia nini yule mama? Unakumbuka nilivyomwambia?" Nikasema nakumbuka. Akasema tutaenda kesho.

Tulikwenda. Nyumba ya Majengo ilikuwa bado ile ile, ila imepakwa rangi. Mpwa wa Bi Zuhura, mwanamke wa rika langu, alitukaribisha, akamsikiliza Mama akijieleza, kisha akatuambia kwamba shangazi yake alifariki miaka mitatu iliyopita. Mama aliuliza kama alikuwa bado anauza mikate.

"Hapana," yule mpwa akasema. "Aliacha zamani, mimi nikiwa msichana. Alisema kuna mtoto ambaye yeye aliwahi kumdhuru, na hajui vipi. Alianza kuosha vyombo mara tatu, mara nne. Baadaye akasema afadhali aache, mikono yake haiamini tena. Akawa anaosha nguo za watu."

Alisema hivyo bila ubaya, akitumiminia chai. Hakujua sisi ni akina nani hasa, kwa sababu Mama alikuwa amesema tu kwamba alikuja kuomba msamaha kwa maneno ya zamani. Nilipaswa kusema yaliyobaki. Mama alinisubiri, nikaona anasubiri, na safari hii nikasema. Yule mwanamke aliweka birika chini. Akasema angependa shangazi yake awe ameyasikia hayo, na kwamba yeye hawezi kunisamehe kwa niaba yake.

Njeri nilimweleza jioni hiyo hiyo. Nilidhani atazungumzia ugonjwa, zile siku za hospitali. Hakuuzungumzia. Alisema, "Mimi ndiye niliyemwambia Mama kwamba ilikuwa laini," na akaondoka kwenda kusimama nje. Neno lake moja la furaha, nililigeuza kuwa ushahidi, na sasa nimempa yeye pia sehemu ya kubeba.

Nikiwa mtoto nilidhani nimekwepa viboko. Sasa nina watoto, na najua viboko vile vingekuwa vimekwisha kabla ya chakula cha jioni. Mama angelia, baba angefoka, Bi Zuhura angeniita mchungaji mwizi na kunipikia nyingine ili nishibe. Sikuelewa kwamba mtu mzima anaweza kuamini neno la mtoto kuliko mikono yake mwenyewe. Yeye alinikubali kwa neno moja, akaacha kazi aliyoijua kuliko wote, akaenda kuosha nguo.