Dawa ya Daktari na Mafuta ya Shangazi

Nywele zangu zilianza kunyonyoka kwa mabaka, moja nyuma ya sikio, jingine utosini. Yakiwa chini ya hijabu, hakuna aliyejua ila mume wangu, naye alijifanya haoni. Daktari alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu imekosea adui, inashambulia mizizi ya nywele. Akanialika kwenye majaribio ya dawa mpya ya kupaka. Sisi washiriki tungekuwa watu wa kwanza kabisa kuitumia.

Nilitia sahihi karatasi nyingi, na zote zilisema kwa adabu kwamba hakuna aliyeniahidi nywele. Walitaka tu kujua kama dawa itanidhuru.

"Na usipake kitu kingine chochote kichwani," daktari alisisitiza.

Wiki hiyo hiyo shangazi yangu akafika kutoka Sericho na chupa ya mafuta ya mkia wa kondoo. Mume wangu, ambaye hakuwa ameona chochote, ndiye aliyempigia simu.

"Shangazi, nimekatazwa."

"Na nani?"

"Daktari."

"Yeye ana nywele?"

Nilikiri kwamba ana upara. Shangazi akafungua chupa.

Nilimkatalia siku mbili. Siku ya tatu nilisinzia baada ya swala ya adhuhuri, nikaamka kichwa kinanuka kama jiko la harusi. Kule kliniki niliungama yote. Daktari aliandika kwa muda mrefu, kisha akauliza kondoo alikuwa wa aina gani.

Miezi ikapita. Mwishowe daktari akaniambia kwa furaha kwamba majaribio yamefaulu.

"Yamefaulu vipi?" nikauliza, mkono utosini, mahali palipokuwa peupe kama awali.

"Hakuna aliyedhurika."

Lakini nyuma ya sikio zilikuwa zimeota nywele tatu nyeupe. Nilimuuliza kama ni dawa.

"Siwezi kusema. Wakati mwingine hurudi zenyewe. Halafu kuna yale mafuta."

Shangazi hakusumbuliwa na mashaka kama hayo. Kabla ya magharibi, mtaa wetu mzima wa Chechelesi ulijua ni kondoo. Wanawake walijaa sebuleni kwangu, nami niliyejificha muda wote huo nikawa nafunua kichwa kwa kila anayebisha hodi.

Jirani mmoja alibaki wenzake walipoondoka. Akafunga mlango, akavua mtandio. Kichwa chake kilikuwa kama changu. Tulitazamana, tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa daktari.